Mbegu za Mung'unye, au Habari ya Kumtambua Tegu

Ndugu msomaji, miongoni mwa maradhi yanayomwingia mwanadamu kwa njia ya mdomo, ni machache yaliyowazungusha matabibu muda mrefu kama haya yatokanayo na mnyoo aitwaye tegu. Na si kwamba hakujulikana. Maandishi ya tiba ya Misri ya Mafirauni, yale yaitwayo ya Ebers, yanayokisiwa kuandikwa miaka 1,550 hivi kabla ya Nabii Isa, yanataja minyoo ya tumbo na dawa zake. Lakini kumjua mnyoo ni jambo moja, na kujua yumo ndani ya nani ni jambo jingine. Hili la pili limechukua maelfu ya miaka, na mpaka leo halijakamilika. Nataka tulifuate pamoja, kwa sababu mwisho wa njia yake unafika katika nyumba zetu, nyumba ambazo nyama ya nguruwe haijapata kuvuka kizingiti cha jiko.

Matabibu wa Kiarabu na Kiajemi walimtafuta tegu kwa njia iliyo nyepesi kuliko zote, nayo ni kutazama kilichotoka. Abu Ali Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufariki Hamadan mwaka 1037, katika kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb aliigawa minyoo ya tumbo mafungu manne: mirefu mikubwa, ya mviringo, mipana, na midogo. Ile mipana inaitwa habb al-qar', yaani mbegu za mung'unye. Aliyepata kuviona vipingili vya tegu atakubali kwamba jina hili limekaa mahali pake. Ni vyeupe, ni bapa, vimefanana mno na mbegu zilizotoka kuoshwa. Kosa lilikuwa moja tu: walidhani kila mbegu ni mnyoo kamili, kumbe ni kipande kilichokatika mkiani mwa mnyoo mmoja mrefu, kama pingili inavyokatika kwenye muwa. Jina hilo lilivuka bahari, likatafsiriwa kwa Kilatini, na matabibu wa Ulaya wakalichukua pamoja na kosa lake kwa karne nyingi.

Wapo wanaopenda kuwacheka watu wa kale kwa mambo kama haya. Mimi siwacheki, maana mbegu ile ile ndiyo dalili bora anayoweza kuiona mama wa nyumbani leo bila ya mashine wala maabara, na tutakuja kuona kwamba maabara yenyewe mara nyingi humpita mgonjwa ambaye nguo yake ya ndani imeshatoa ushahidi.

Kwetu Pwani jina lililotawala ni chango. Tumbo likinyonga, chango. Mtoto akisaga meno usiku, chango. Mwanamke akiumwa chini ya kitovu, hilo nalo chango. Neno linalobeba kila kitu halimtambulishi yeyote. Tegu alikuwa na jina lake, lakini lilitajwa kwa kunong'ona kwa kuwa ni aibu, na watu walimhukumia kwa umbo la mtu: anayekula sana asinenepe huambiwa ana tegu. Ukweli ni kwamba wengi wenye tegu hawakondi wala hawaoni njaa ya ajabu. Wanaishi naye miaka bila ya kusikia lolote, isipokuwa zile mbegu zinazotoka siku moja moja.

Watu wa Habasha walikuwa na njia yao, nami naiona ni ya busara kwa namna yake. Wao walizoea kula nyama mbichi ya ng'ombe, na tegu akawa kama jamaa wa nyumbani. Basi hawakujisumbua kuuliza nani anaye. Kila baada ya miezi miwili hivi mtu alikunywa dawa ya maua ya mti wanaouita kosso, mti ambao huota pia katika misitu ya juu ya Kilimanjaro na Meru, akakaa karibu na choo siku hiyo mpaka mambo yakaisha. Walimhesabu kila mtu kuwa mgonjwa. Leo serikali zinapogawa dawa za minyoo kwa shule nzima bila ya kumpima mtoto mmoja mmoja, hesabu inayotumika ni ile ile ya Wahabeshi.

Wakati huo huo wachinjaji wa nguruwe walikuwa na elimu yao mbali kabisa. Wayunani, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, walijua kwamba wako nguruwe ambao nyama yao imejaa vijifuko vidogo vyeupe, wakavifananisha na punje za mvua ya mawe, na Aristotle ameandika kwamba dalili yake hutazamwa chini ya ulimi. Ikawa elimu mbili zinakaa mtaa mmoja bila ya kusalimiana. Tabibu alikuwa na mbegu zake za mung'unye, mchinjaji na punje zake za mvua ya mawe, wala hapakuwa na aliyejua kwamba hii ni mtoto na ile ni mzazi.

Aliyeziunganisha ni tabibu wa Kijerumani, Friedrich Küchenmeister, na namna alivyoziunganisha haipendezi kusimuliwa. Alipata ruhusa ya kumlisha mfungwa aliyehukumiwa kifo vijifuko vya nyama ya nguruwe, vikiwa vimefichwa ndani ya chakula. Mfungwa alipokwisha kuuawa, matumbo yake yalifunguliwa, wakaonekana tegu wachanga wameanza kujishika kwenye utumbo. Habari hiyo ilitolewa mwaka 1855, na hata wenzake wa zama zile walimlaumu. Elimu iliyopatikana ni ya kweli, lakini kumgeuza binadamu sahani ya majaribio ni dhulma, hata kama shingo yake imekwisha kuahidiwa upanga. Mwaka 1861 mwenzake, Rudolf Leuckart, alikwenda njia ya upande wa pili kwa uungwana zaidi: alimlisha ndama vipingili vya tegu aliyetoka kwa mtu, na vijifuko vikaota katika nyama ya ndama yule. Mzunguko ukafungika.

Hapa, msomaji, naomba usome polepole, kwa maana ndipo panapokosewa na watu wenye elimu zao.

Tegu ana milango miwili. Mlango wa kwanza ni nyama. Mtu akila nyama ya ng'ombe au ya nguruwe yenye vijifuko, nayo haikuiva, kijifuko kimoja chatosha. Kichwa kilichomo hutoka, hujishika utumboni, na baada ya miezi miwili au mitatu kimekuwa tegu wa mita kadhaa. Mlango wa pili ni mayai. Kila kipingili kinachotoka na choo kimebeba mayai kwa makumi ya maelfu, wala jicho haliyaoni. Mayai ya tegu wa ng'ombe hayamfanyi mwanadamu kitu. Hungoja ng'ombe ayale pamoja na majani mahali ambapo mchungaji alijisaidia. Mayai ya tegu wa nguruwe ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu hayachagui. Akiyala nguruwe, vijifuko hujengeka katika nyama yake. Akiyala mtu, vijifuko hujengeka katika misuli yake, katika macho yake, na katika ubongo wake. Kikikaa ubongoni huja kifafa, huja maumivu makali ya kichwa, na mara nyingine mauti.

Kwa hiyo aliyekula nyama hupata tegu tumboni, na aliyekula mayai hupata vijifuko kichwani. Hawa wawili si lazima wawe mtu mmoja, wala wa dini moja, wala wa nyumba moja.

Waingereza walilijua hili kwa askari wao. Katika miaka ya 1930 tabibu wao wa jeshi, William MacArthur, alianza kuwachunguza askari walioanguka kifafa baada ya kutumikia ng'ambo, hasa India. Wengi walikuwa wamekwisha kuandikiwa maradhi ya akili au udanganyifu. Vijifuko vilivyokufa hugeuka vigumu kama chokaa, na picha ya eksirei ya mapaja ikavionyesha vimetapakaa kama punje za mchele. Mwaka 1961 walitoa habari za askari 450 wa namna hiyo, na kwa wengi kifafa kilikuwa kimekuja miaka kadhaa baada ya kuambukizwa. Angalia ugumu wa mambo: ugonjwa umeingia India, umelala, umeamka Uingereza, na mgonjwa hakumbuki alikula wapi wala mikononi mwa nani.

Ubongo wenyewe haukuonekana sawasawa mpaka ilipokuja mashine ya CT skani, ambayo mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa nayo huko London mwaka 1971. Ilichukua miaka mingi kufika vijijini kwetu. Katika hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, Andrea Winkler na wenzake waliwapiga picha hizo wagonjwa wa kifafa zaidi ya 200, na matokeo waliyoyatoa mwaka 2009 yalionyesha kwamba zaidi ya mmoja katika kila kumi alikuwa na alama za vijifuko vya tegu ubongoni. Hawa ni watu ambao jirani zao walikuwa wamekwisha kuwahukumia laana ya ukoo na pepo.

Katika wilaya hiyo hiyo ya Mbulu nguruwe nao walipimwa, kwa kipimo kile kile cha Wayunani. Nguruwe hukamatwa, kinywa hufunguliwa kwa kijiti, ulimi ukavutwa kwa kitambaa na kupapaswa chini yake. Katika vijiji 21 walipimwa nguruwe 770, na kiasi cha asilimia 17 walikuwa na vijifuko. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Na ulimi huwafichua tu wale waliojaa sana. Mwenye vijifuko vichache hupita, akachinjwa, akaliwa.

Lakini habari iliyonishughulisha zaidi ni ya Mbozi, upande wa Mbeya, iliyochapishwa mwaka 2013. Watafiti walikipima choo cha watu zaidi ya 800 kwa njia mbili. Kwa hadubini, yaani njia ya kawaida ya zahanati, walipata asilimia 1.1 wenye tegu. Kwa kipimo kingine, kinachotafuta chembe za tegu mwenyewe badala ya kutafuta mayai yake, walipata asilimia 5.2. Fanya hesabu, msomaji. Katika kila watu watano ambao kipimo cha pili kiliwaona, hadubini iliwaambia wanne kwamba wao ni wazima. Wanne hao wamerudi nyumbani na cheti, wakaendelea kupika. Si makosa ya mpimaji wa maabara; tegu hatoi mayai kila siku, na choo cha Jumatatu chaweza kuwa kisafi ilhali cha Jumatano kimejaa. Kipimo kilicho bora hakipo katika zahanati zetu nyingi, nacho pia hakisemi tegu huyo ni wa ng'ombe au wa nguruwe.

Sasa najua msomaji wa Tanga au wa Unguja ananiuliza: sheikh, haya ya Mbulu na Mbozi yanatuhusu nini sisi tusiokula nguruwe?

Kwanza niseme jambo moja pembeni. Wapo wahubiri wanaosimama na kusema kwamba nguruwe ameharamishwa kwa sababu ya tegu. Sipendi hoja hiyo. Sisi tumeacha kwa kuwa tumekatazwa, basi. Anayeijenga hukumu ya Mwenyezi Mungu juu ya mnyoo, siku nguruwe wote watakapochanjwa na nyama yote kuwa safi atabaki bila ya hoja. Tena hoja hiyo ina madhara mengine: inamfanya Muislamu aamini kwamba kwa kuacha nyama amekwisha kuufunga mlango, naye ameufunga mmoja tu.

Mfano mkubwa wa jambo hili umetokea kwa Mayahudi. Mtaa wa Brooklyn, mjini New York, wanakaa Mayahudi washika dini sana, ambao nao nguruwe ni haramu kwao. Katika miaka ya 1990 na 1991 watu wanne wa jamii hiyo, wasiokuwa na udugu baina yao, walianguka kifafa, na vichwani mwao vikakutwa vijifuko vya tegu wa nguruwe. Madaktari walistaajabu. Walipoingia majumbani, wakawakuta watumishi wa kazi za ndani waliotoka nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati ambako tegu huyo yupo, na mmoja wa watumishi alipopimwa akakutwa na tegu tumboni. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1992. Hakuna aliyekula nyama ya haramu katika nyumba zile. Vilivyoliwa ni vyakula vya halali vilivyopita katika mikono iliyotoka chooni.

Rudi sasa Dar es Salaam. Mji wetu umejaa watu kutoka kila mkoa, nami sioni ubaya wake, maana sisi wenyewe wa Tabata wengi wetu baba zetu walitoka mahali pengine. Nguruwe wanafugwa pembezoni mwa mji, na nyama yake huuzwa wazi kwa jina la kitimoto. Mwaka 1993 mabucha yake yalivamiwa na watu waliodhani wanaisafisha dini. Sitaki kuifufua habari hiyo. Nasema tu kwamba bucha likivunjwa leo, mwenye tegu kesho asubuhi anakwenda chooni kama kawaida yake. Na choo chake, kama ni shimo lililojaa maji ya masika, kinakwenda Msimbazi. Mto huo unapita mlangoni petu, na mabondeni mwake hulimwa mchicha na matembele yanayouzwa kwa mafungu mpaka sokoni. Maji yaliyobeba uchafu wa watu hubeba pia mayai ya minyoo yao. Kachumbari na saladi ya majani mabichi haziyaui. Moto ndio unaoyaua. Na kuosha kwa maji mengi yanayotiririka, safi, mara kadhaa, huyapunguza.

Mwalimu wa madrasa huletewa mengi ambayo si ya madrasa. Nimeletewa watoto wenye kifafa ili niwasomee. Nasoma, kwani dua haijapata kumdhuru mtu, kisha nawauliza wazazi: yalianza lini, mtoto alipata kuumia kichwa au malaria kali, alizaliwa kwa taabu, na je, humo nyumbani yupo aliyeona mbegu nyeupe katika choo? Swali la mwisho huwaudhi baadhi yao. Mzee mmoja aliniambia kwa ukali, "Maalim, sisi si watu wa kitimoto." Nikamjibu, "Mzee wangu, sikukuuliza mnakula nini. Nimekuuliza mnanawa wapi." Alikaa kimya, kisha akasema choo chao wanashirikiana nyumba tatu na ndoo ya maji huwekwa siku ambayo mabomba yanatoa.

Sisemi kila kifafa ni tegu. Kina sababu nyingi, na nimezitaja baadhi katika maswali yangu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika nchi ambako tegu wa nguruwe amekita mizizi, kiasi cha asilimia 30 ya kifafa hutokana naye, na bado asilimia 70 ni ya mambo mengine. Ninalolisema ni kwamba mtoto aliyeanguka mara ya kwanza anastahiki daktari kabla ya kufungiwa ndani, na kijana aliyeanza kuanguka akiwa mtu mzima anastahiki zaidi picha ya kichwa, kama yapatikana. Kombe na hospitali havigombani. Na povu la mgonjwa haliambukizi. Nimeona majirani wamesimama mbali na binti aliyeangukia jikoni, kila mmoja akiogopa povu, mpaka mkono wake ukaungua. Mwenye kuambukiza, kama yupo, ni yule mzima anayepita mtaani na tegu wake bila ya habari.

Tuje upande wa ng'ombe, maana hapo hatuna cha kujificha nyuma yake. Nyama tunayokula sisi wa Tabata kwa sehemu kubwa hutoka kwa jirani zetu wa Vingunguti, na ng'ombe wenyewe hupita mnada wa Pugu wakitokea mikoa ya bara. Machinjioni yupo mkaguzi wa nyama. Hukata minofu ya mashavu, hutazama ulimi, moyo, mabega na kiwambo, kwa sababu vijifuko hupenda misuli inayofanya kazi sana. Akiviona vingi, nyama haitoki. Lakini mkaguzi hawezi kumkata ng'ombe mzima vipande vidogo. Nani atakayeinunua nyama hiyo? Watafiti wa Kenya waliofanya hivyo makusudi ili walinganishe walikuta ukaguzi wa kawaida unawapita ng'ombe wengi wenye vijifuko vichache, na walilichapisha hilo mwaka 2003. Kwa hiyo muhuri wa bucha ni wa kuheshimiwa, na moto wa jikoni ni wa lazima pamoja nao. Mishkaki iliyobabuka nje na kuwa nyekundu ndani ndiyo njia kuu ya tegu wa ng'ombe kuingia mjini.

Na siku ya Idi Kubwa je? Mchinjaji anajua kuelekeza kibla, anajua kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kisu chake ni kikali. Baada ya hapo nyama hugawanywa mafungu matatu, na kabla ya adhuhuri imekwisha kufika kwa jamaa na mafukara. Nani ameitazama? Uhalali wa nyama hupatikana shingoni, lakini uzima wake hutazamwa kwa jicho, na ya kwanza haisimami mahali pa ya pili. Bwana mifugo wa kata aweza kuitwa mapema kabla ya Idi, na msikiti wenye kuchinja ng'ombe kumi hauna udhuru wa kutomwita. Asipopatikana, basi mwenye kisu akate shavu, ulimi na moyo kabla ya kugawa. Kijifuko cha tegu wa ng'ombe kina ukubwa wa kati ya choroko na mbaazi, cheupe, kimejaa maji, ndani yake kuna kitone. Akikiona, nyama ile asimpe maskini kwa sadaka; amwite mtaalamu.

Maini na mapafu ya mbuzi na kondoo yana habari nyingine. Yakionekana na mafuko makubwa ya maji, asitupiwe mbwa. Yuko tegu mdogo sana wa mbwa ambaye mayai yake humjengea mtu fuko ndani ya ini, wakati mwingine kubwa kama kichwa cha mtoto. Huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako mbwa na watoto hulala pamoja, zilipatikana hesabu za karibu watu 200 katika kila 100,000 kwa mwaka, na hapakujulikana pengine duniani palipozidi. AMREF walianza kazi huko mwaka 1983, wakachukua mashine ndogo ya ultrasaundi wakaenda nayo kwa wafugaji wenyewe chini ya miti, na mwaka 1987 ikaandikwa kwamba picha hiyo iliwafichua wagonjwa vizuri kuliko kipimo cha damu. Fuko lifukiwe shimo refu au lichomwe moto.

Sasa turudi kwenye mbegu za mung'unye. Ukiziona katika choo au katika nguo ya mtoto, usizitupe kwa haya. Ziokote kwa kijiti, uzitie katika chupa yenye maji safi na kifuniko, nawa kwa sabuni, uzipeleke hospitali pamoja na mgonjwa. Mayai ya tegu wa ng'ombe na ya nguruwe yanafanana kabisa chini ya hadubini, lakini kipingili hutoboa siri: mtaalamu huhesabu matawi ya mfuko wa mayai, ambayo kwa tegu wa nguruwe huwa 7 mpaka 13, na kwa wa ng'ombe huwa mengi zaidi. Kama kipingili hakipatikani, choo kipimwe siku tatu mbalimbali, kwa sababu niliyoieleza ya Mbozi.

Wapimwe wote wa nyumba hiyo, baba mwenye nyumba akiwa wa kwanza. Nalisema hili kwa makusudi. Nimesikia habari ya Brooklyn ikisimuliwa barazani, na mtu akaondoka pale pale kwenda kumfukuza dada wa kazi. Huyo hakuelewa kitu. Binti yule akifukuzwa atapika nyumba nyingine, na tegu wake, kama anaye, atakwenda naye. Na huenda mwenye tegu ni mume mwenyewe anayekula mishkaki mbichi kila Ijumaa usiku. Dawa yake haina gharama kubwa, na mtu hupona akiwa kazini kwake.

Ila asijinunulie dukani. Prazikwanteli, dawa ile ile inayotumika kwa kichocho, humuua tegu, lakini kwa mtu ambaye tayari ana vijifuko ubongoni yaweza kuviamsha vikavimba, akaanguka kifafa siku chache baadaye. Ndiyo sababu daktari huuliza kwanza juu ya kuanguka na maumivu ya kichwa yasiyokoma, na pengine huchagua niklosamaidi, ambayo hukaa utumboni tu.

Dawa ikishanywewa, kupima hakujaisha. Kichwa cha tegu ni kidogo kama kichwa cha pini, na kikibaki kimejishika, mnyoo wote huota upya kutoka hapo. Hungojwa kiasi cha miezi mitatu, choo kikapimwa tena, na kabla ya siku hiyo nguo za ndani hutazamwa kila asubuhi.